Hoja Inapojibu Isivyo: Utatuzi wa Matatizo katika Hifadhidata za Uhusiano

Hifadhidata inapogoma kabisa, kazi ya kutafuta kosa huwa imekwisha nusu, kwa sababu mfumo wenyewe hutaja mahali ulipokwama. Linalostahili kuogopwa zaidi ni jibu linalorudi upesi, limepangika vizuri, bila onyo lolote, na kumbe si la kweli. Mwongozo huu unashughulikia hasa majibu ya aina hiyo, pamoja na data inayojipinga yenyewe na hoja (maombi ya data yanayoandikwa kwa lugha ya SQL) zinazochelewa, na kila mara unaanza na kile mtumiaji anachokiona kabla ya kukifuata hadi kwenye chanzo.

Mifano yote inatokana na hifadhidata ya maktaba yenye majedwali makuu manne: wanachama, vitabu, uazimaji na faini. Kwa kila dalili kuna swali linalopaswa kuulizwa kabla ya kuigusa hoja: safumlalo moja (mstari mmoja wa data) ya jedwali hili inawakilisha nini? Mbunifu anayeweza kujibu kwa sentensi moja, kwa mfano kwamba safumlalo moja ya uazimaji ni tukio la mwanachama mmoja kuchukua kitabu kimoja, ataviona vyanzo vya matatizo mengi bila kuhitaji kifaa kingine. Asiyeweza kujibu atairekebisha hoja leo, na hitilafu ileile itazuka kesho katika ripoti nyingine.

Uchunguzi ufanyike kwenye nakala ya data, au ndani ya muamala (kundi la amri zinazothibitishwa au kutenguliwa kwa pamoja) uliofunguliwa kwa BEGIN na kufungwa kwa ROLLBACK, amri ya kutengua. Tahadhari moja inahitajika hapa: katika MySQL (programu ya hifadhidata, kama zilivyo PostgreSQL na SQLite zitakazotajwa baadaye), amri zinazobadilisha umbo la jedwali, kama ALTER TABLE, huthibitisha muamala papo hapo, kwa hiyo ROLLBACK haitazitengua. Kisha tatizo lipunguzwe hadi kwa mwanachama mmoja ambaye jibu lake linaweza kuhesabiwa kwa mkono. Hoja yenye safumlalo sita mbele ya macho hufundisha mengi kuliko ripoti yenye laki sita.

Dalili: jumla ni kubwa kuliko inavyopaswa

Mwanachama ana faini mbili, moja ya 500 na nyingine ya 300, lakini ripoti inasema anadaiwa 2400. Hoja iliyotumika ni hii:

```sql
SELECT w.jina, COUNT(u.id) AS idadi, SUM(f.kiasi) AS deni
FROM wanachama w
JOIN uazimaji u ON u.mwanachama_id = w.id
JOIN faini f ON f.mwanachama_id = w.id
GROUP BY w.id, w.jina;
```

Ondoa GROUP BY, inayokusanya safumlalo katika makundi, pamoja na COUNT (idadi) na SUM (jumla), kisha usome safumlalo zenyewe. Ikiwa mwanachama huyo ameazima vitabu vitatu, kila uazimaji umeunganishwa na kila faini, na matokeo yake ni safumlalo sita. Kila faini imehesabiwa mara tatu, na kila uazimaji mara mbili. Hakuna kosa la sarufi katika hoja hii. Kosa ni kwamba majedwali mawili ambayo hayahusiani moja kwa moja yameunganishwa kupitia mzazi wao wa pamoja, kwa hiyo safumlalo ya matokeo si uazimaji wala si faini, ni jozi isiyokuwepo popote katika maktaba yenyewe.

Wengi hukimbilia DISTINCT, neno linaloondoa thamani zinazojirudia, na napenda kulisisitiza hili kwa sababu ni tiba inayoonekana kufaulu. SUM(DISTINCT f.kiasi) itarudisha 800 kwa mwanachama huyu, na aliyeiandika ataridhika. Siku mwanachama mwingine atakapokuwa na faini mbili za 500 kila moja, hoja hiyohiyo itarudisha 500 badala ya 1000, kwa kuwa DISTINCT hulinganisha viasi na haijui kwamba ni faini mbili tofauti. Kosa la kuzidisha limegeuzwa kuwa kosa la kupunguza, ambalo ni gumu zaidi kuonekana. Kila DISTINCT iliyoongezwa ili kuondoa marudio ambayo mwandishi hawezi kueleza yametoka wapi inapaswa kuondolewa hadi maelezo yapatikane.

Tiba ya kweli ni kukusanya kila jedwali hadi libaki na safumlalo moja kwa kila mwanachama, kisha ndipo kuunganisha (COALESCE huweka 0 mahali penye thamani tupu):

```sql
SELECT w.jina,
       COALESCE(u.idadi, 0) AS idadi,
       COALESCE(f.jumla, 0) AS deni
FROM wanachama w
LEFT JOIN (SELECT mwanachama_id, COUNT(*) AS idadi
           FROM uazimaji GROUP BY mwanachama_id) u
       ON u.mwanachama_id = w.id
LEFT JOIN (SELECT mwanachama_id, SUM(kiasi) AS jumla
           FROM faini GROUP BY mwanachama_id) f
       ON f.mwanachama_id = w.id;
```

Kuna ndugu mdogo wa kosa hili. Ukitumia LEFT JOIN kutoka wanachama kwenda uazimaji kisha ukahesabu kwa COUNT(*), mwanachama ambaye hajawahi kuazima chochote ataonekana ameazima kitabu kimoja, kwa sababu LEFT JOIN humbakizia safumlalo moja yenye thamani tupu upande wa kulia, na COUNT(*) huhesabu safumlalo bila kujali kilichomo. COUNT(u.id) huruka thamani tupu, na kwa hiyo hurudisha sifuri.

Dalili: safumlalo zimetoweka

Chanzo cha kwanza cha kukagua ni aina ya uunganishaji. JOIN ya kawaida humwacha nje kila asiye na mwenza upande wa pili, kwa hiyo ripoti ya wanachama na faini zao itakuwa kimya kuhusu wote wasio na faini. Kwa kawaida mtu hulijua hili na kuandika LEFT JOIN, kisha akaiharibu mwenyewe mistari miwili chini:

```sql
SELECT w.jina, f.kiasi
FROM wanachama w
LEFT JOIN faini f ON f.mwanachama_id = w.id
WHERE f.imelipwa = FALSE;
```

Kwa mwanachama asiye na faini, f.imelipwa ni tupu. Sharti la WHERE halitimizwi, na mwanachama huyo huondolewa baada ya LEFT JOIN kumhifadhi. Sharti linalohusu jedwali la kulia linapaswa kuhamia kwenye ON, karibu na sharti la kuunganisha, isipokuwa pale ambapo kumwondoa ndilo lengo.

Chanzo cha pili ni thamani tupu yenyewe, yaani NULL. Katika SQL, ulinganisho una majibu matatu: kweli, si kweli, na haijulikani. NULL ikilinganishwa na chochote, hata na NULL nyingine, jibu ni haijulikani, na WHERE hupitisha kweli peke yake. Ndiyo maana `barua_pepe = NULL` hairudishi kitu na lazima iandikwe `barua_pepe IS NULL`. Ndiyo maana pia `hali <> 'amefungiwa'` huwaacha nje wanachama ambao hali yao haijajazwa, ingawa msomaji wa kawaida angedhani wamo.

Sura kali kuliko zote ya tatizo hili ni NOT IN. Tunataka vitabu ambavyo havijawahi kuazimwa:

```sql
SELECT jina FROM vitabu
WHERE id NOT IN (SELECT kitabu_id FROM uazimaji);
```

Ikiwa safumlalo moja tu ya uazimaji ina kitabu_id tupu, hoja hii hairudishi kitabu hata kimoja. Sababu ni kwamba NOT IN hudai kitabu kitofautiane na kila thamani iliyo kwenye orodha, na kutofautiana na NULL hakuwezi kuthibitishwa. Hoja iliyofanya kazi vizuri kwa miaka hukatika siku rekodi moja yenye upungufu inapoingizwa. NOT EXISTS haina udhaifu huu:

```sql
SELECT v.jina FROM vitabu v
WHERE NOT EXISTS (SELECT 1 FROM uazimaji u
                  WHERE u.kitabu_id = v.id);
```

Hata hivyo, kubadilisha hoja ni nusu ya kazi. Uazimaji usio na kitabu ni sentensi isiyo na maana, na jedwali lililoukubali halikuamua safumlalo yake ni nini. Safuwima ya kitabu_id ilistahili kuwekewa NOT NULL, sharti linalokataza thamani tupu, tangu mwanzo.

Chanzo cha tatu ni mipaka ya tarehe. Sharti `muda BETWEEN '2024-01-01' AND '2024-01-31'`, ikiwa safuwima hiyo inahifadhi saa pamoja na tarehe, huishia saa sita kamili ya usiku unaoanzisha tarehe 31, kwa hiyo karibu siku nzima ya mwisho hupotea. Andika `muda >= '2024-01-01' AND muda < '2024-02-01'`, nawe hutahitaji kukumbuka mwezi una siku ngapi.

Dalili: taarifa moja ina majibu mawili

Namba ya simu ya mwanachama ni moja kwenye ripoti ya faini na nyingine kwenye ripoti ya uazimaji. Hapa hakuna hoja ya kulaumu. Taarifa hiyo imeandikwa mahali pawili, na mmoja wa waandishi amesasisha mahali pamoja tu.

Edgar F. Codd, alipokuwa IBM, alichapisha mwaka 1970 makala iliyoweka msingi wa muundo wa uhusiano, na tangu makala zake za mwanzo alieleza namna ya kugawa majedwali ili kuondoa marudio ya aina hii. Umbo sanifu la pili na la tatu, yaani kanuni za ugawaji huo, aliyafafanua mwaka 1971. Wanafunzi wengi hukariri maumbo hayo kama masharti ya mtihani, ilhali kila moja lilitungwa ili kuzuia hasara inayoonekana. Tuseme jedwali la uazimaji lina safuwima hizi: mwanachama_id, jina_la_mwanachama, simu, kitabu_id, jina_la_kitabu, tarehe. Mwanachama akibadilisha simu, safumlalo zake zote lazima zibadilishwe, na ikisahaulika moja, ukweli umegawanyika. Kitabu kipya hakiwezi kuandikwa hadi mtu akiazime, kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kukiweka. Na rekodi ya uazimaji pekee wa kitabu fulani ikifutwa, jina la kitabu hicho nalo hufutika kwenye kumbukumbu za maktaba.

Namna ya kupima ni kuichukua kila safuwima na kuuliza: nikijua nini, nitaijua hii kwa hakika? Simu hujulikana kwa kumjua mwanachama, wala haihitaji kujua uazimaji. Basi mahali pake ni jedwali la wanachama. Jina la kitabu hujulikana kwa kukijua kitabu. Tarehe ya kuazima haijulikani hadi ujue ni uazimaji upi, kwa hiyo hiyo ndiyo inayostahili kubaki.

Lakini kipimo hiki kitumiwe kwa akili. Jedwali la faini linaweza kuwa na safuwima ya kiwango kilichotozwa kwa siku, ingawa kiwango cha sasa kimo kwenye jedwali la kanuni. Hayo si marudio. Kiwango kilichokuwa kikitumika siku faini ilipoandikwa ni taarifa tofauti na kiwango cha leo, na anayekiondoa kwa jina la usanifu atajikuta anabadilisha madeni ya zamani kila kanuni inapobadilika. Nimeona wabunifu makini wakikosea hapa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu thamani mbili zinazofanana leo huonekana kuwa kitu kimoja.

Jamaa wa dalili hii ni safuwima inayobeba orodha, kwa mfano safuwima ya waandishi yenye majina matatu yaliyotenganishwa kwa mkato. Utaitambua kwa hoja zake: `waandishi LIKE '%Juma%'`, ambamo % husimama badala ya herufi zozote, humleta Juma pamoja na Jumanne. Kuongeza safuwima za mwandishi_1, mwandishi_2 na mwandishi_3 hakusaidii, kwa kuwa kitabu chenye waandishi wanne hakitakawia kufika. Kitabu kimoja kina waandishi wengi, na mwandishi mmoja ana vitabu vingi, kwa hiyo panahitajika jedwali la tatu ambalo safumlalo yake moja inasema kwamba mwandishi huyu alishiriki katika kitabu hiki, na ufunguo msingi wake, yaani kinachoitambulisha kila safumlalo, ni jozi ya namba za mwandishi na kitabu.

Dalili: rekodi yatima na rekodi pacha

Rekodi yatima ni ile inayomtaja mzazi asiyekuwepo, na hupatikana hivi:

```sql
SELECT u.id, u.mwanachama_id
FROM uazimaji u
LEFT JOIN wanachama w ON w.id = u.mwanachama_id
WHERE w.id IS NULL AND u.mwanachama_id IS NOT NULL;
```

Ikirudisha chochote, ufunguo wa kigeni, yaani sharti kwamba mzazi anayetajwa lazima awepo, haupo au haufanyi kazi. Uwezekano wa pili usipuuzwe. SQLite, kwa mpangilio wake wa kawaida, hupokea tamko la ufunguo wa kigeni bila kulisimamia, hadi kila muunganisho utoe amri ya `PRAGMA foreign_keys = ON`. Katika MySQL, ambayo ina injini tofauti za kuhifadhi majedwali, yale ya MyISAM hulisoma tamko hilo na kulipuuza, ilhali yale ya InnoDB hulisimamia.

Rekodi pacha hutokana na imani kwamba safuwima ya id inayojiongeza yenyewe inatosha kuwa ulinzi. Namba hiyo hutofautisha safumlalo na safumlalo, lakini haitofautishi mtu na mtu: mwanachama mmoja akiandikishwa mara mbili atapewa id mbili, na hifadhidata itaridhika. Tafuta kile kinachomtambulisha mwanachama katika shughuli zenyewe, kama namba ya kadi yake, ukiwekee UNIQUE, sharti linalokataza marudio. Kumbuka kwamba PostgreSQL, MySQL na SQLite huruhusu thamani tupu nyingi chini ya UNIQUE, kwa hiyo safuwima hiyo iwekewe NOT NULL pia.

Dalili: jibu hubadilika bila data kubadilika

Bila ORDER BY, amri ya kupanga matokeo, hakuna mpangilio ulioahidiwa, hata kama jana na juzi safumlalo zilikuja kwa utaratibu uleule. Kurasa za matokeo zinazorudia rekodi moja na kuiruka nyingine kwa kawaida zimepangwa kwa safuwima yenye thamani zinazolingana. Ongeza id mwishoni mwa ORDER BY. Matoleo ya MySQL yaliyotangulia 5.7 yaliruhusu, kwa mpangilio wao wa kawaida, kuchagua safuwima isiyomo kwenye GROUP BY, nayo yalichukua thamani yoyote kutoka kwenye kundi.

Dalili: namba zinatofautiana kidogo tu

Tofauti ndogo mwishoni mwa jumla za fedha huashiria safuwima ya FLOAT au DOUBLE, aina zinazohifadhi desimali kwa makadirio: katika DOUBLE, 0.1 + 0.2 huwa 0.30000000000000004. Fedha zihifadhiwe kwa NUMERIC au DECIMAL, zinazohifadhi desimali kamili. Namba za simu na za kadi hazijumlishwi kamwe, kwa hiyo ni maandishi. Zikihifadhiwa kama namba, sifuri ya mwanzo hupotea na hairudi.

Dalili: hoja iliyokuwa ya haraka sasa inachelewa

Usiongeze faharasa (orodha iliyopangwa ya kuharakisha utafutaji) kwa kubahatisha. Tanguliza neno EXPLAIN mbele ya hoja na usome mpango wa utekelezaji. Katika PostgreSQL, EXPLAIN ANALYZE huitekeleza hoja kweli ili kupima muda wake, kwa hiyo usiitumie kwenye DELETE nje ya muamala utakaoutengua.

Mpango ukionyesha kwamba jedwali zima linapitiwa ili kupata safumlalo chache, ama faharasa haipo, ama ipo na hoja imeifungia mlango. Faharasa ya kawaida hupanga thamani za safuwima kama zilivyo. Ukiandika `YEAR(tarehe) = 2024`, unauliza juu ya thamani ambazo faharasa haikuzipanga; mipaka miwili ya tarehe huipa faharasa nafasi ya kusaidia. `LIKE '%kamusi'` haina herufi ya kuanzia, kwa hiyo faharasa haisaidii. Faharasa ya safuwima mbili, (mwanachama_id, tarehe), humsaidia anayetafuta kwa mwanachama, au kwa mwanachama na tarehe, lakini haimfai sana anayetafuta kwa tarehe peke yake. Nayo PostgreSQL haitengenezi faharasa yenyewe kwenye safuwima ya ufunguo wa kigeni, jambo linalofanya kumfuta mwanachama mmoja kulazimu kupitia jedwali zima la uazimaji, ilhali InnoDB huitengeneza.

Kupitia jedwali zima si kosa kila mara. Hoja inayohitaji sehemu kubwa ya jedwali hufanya vyema kulisoma lote, na kila faharasa ya ziada huongeza kazi kwenye kila uandishi.

Ikiwa kila hoja moja ni ya haraka na ukurasa bado unachelewa, hesabu hoja. Programu inayoomba orodha ya wanachama 100, kisha ikatuma hoja nyingine kwa kila mmoja, imetuma hoja 101 mahali ambapo uunganishaji mmoja ungetosha.

Dalili: mabadiliko yanapotea au yanakwama

Nakala moja ya kitabu imebaki. Wahudumu wawili wanasoma idadi kwa wakati mmoja, kila mmoja anaona 1, na kila mmoja anaandika 0. Kwenye kumbukumbu vitabu viwili vimetolewa, ilhali rafuni palikuwa na kimoja tu. Kusoma kwenye programu, kupunguza, kisha kuandika thamani kamili ndiko kunakozaa hasara hii, na BEGIN na COMMIT (amri ya kuthibitisha muamala) peke yake hazitoshi kuizuia. Kupunguza kufanyike ndani ya hifadhidata:

```sql
UPDATE vitabu
SET nakala_zilizopo = nakala_zilizopo - 1
WHERE id = 7 AND nakala_zilizopo > 0;
```

Kisha programu ikague idadi ya safumlalo zilizobadilishwa: ikiwa ni sifuri, nakala zimekwisha. Bora zaidi ni kuhoji kama safuwima hiyo inahitajika. Nakala zilizopo zinaweza kuhesabiwa kutokana na uazimaji ambao haujarejeshwa, na kinachohesabiwa hakiwezi kutofautiana na chanzo chake. Katika hali hiyo mbio za wahudumu wawili huzuiwa kwa kuifungia kufuli safumlalo ya kitabu, kwa SELECT … FOR UPDATE, kabla ya kuhesabu na kuingiza uazimaji mpya.

Miamala miwili inaposhikana, kila mmoja ukisubiri kufuli lililo mkononi mwa mwingine, hifadhidata huukatiza mmoja. PostgreSQL hungoja sekunde 1, kwa mpangilio wa kawaida, kabla ya kuchunguza kama kuna mshikano wa namna hiyo. MySQL hutoa kosa namba 1213. Mishikano hupungua miamala ikiwa mifupi na yote ikigusa majedwali kwa mpangilio mmoja, kwa mfano wanachama kwanza kisha vitabu, lakini haiishi kabisa. Programu ipokee ujumbe huo na kuurudia muamala mzima tangu mwanzo, si amri ya mwisho peke yake, kwa kuwa kila kilichosomwa kabla ya kukatizwa huenda kimekwisha kubadilika.